Mama wa Mito Mitatu

Chumba cha cherehani,
9 Februari

Kwako Bosi wangu,

Hujambo mwanangu? Mkwe wangu hajambo? Na mume wangu mdogo, huyo mjukuu, jino la mbele limeshaota au bado anacheka na dirisha wazi? Mwambie bibi yake amesema asiogope, hata bila jino ni mzuri kuliko babu yake alivyokuwa na yote.

Huku sisi wazima. Mjomba wako amenunua pikipiki. Siku ileile aliyoileta aliiingiza mtaroni mbele ya watu waliokuja kumpongeza. Hakuumia popote ila heshima. Suruali nimemshonea upya, na kila akipita hapa mlangoni namuuliza, "Kaka, leo unakwenda mtaro gani?"

Mimi ni mzima kama chuma. Kazi imejaa mpaka dari. Sare za shule zote zimeletwa kwangu, maana mwalimu mkuu anajua mkono wangu. Siku hizi sipandi kwangu ghorofa ya tatu, nalala hapahapa chini dukani, siwezi kuviacha vitambaa vya watu peke yake. Halafu nimeifunika cherehani ya miguu, nashonea ile ya mkono. Mshono wake ni mtulivu zaidi.

Sasa kaa vizuri nikupe habari yenyewe. Wamenichagua! Ule utafiti wa ofisi yenu, wa kuuliza watu afya zao, umefika mtaani kwetu. Wamepita nyumba kwa nyumba, wamewaacha akina mama wote wanaojiona, wakaja kwangu. Alikuja binti mmoja mpole ana tableti. Akasema watakuwa wanarudi kila baada ya miezi minne kwa mtu yuleyule na maswali yaleyale, waone afya inavyobadilika. Nikamwambia, "Unaiona picha ile ukutani? Huyo mwenye joho? Ndiye aliyekutuma." Akasema hajawahi kukutana naye. Nikamwambia, "Umekutana na mamake, inatosha."

Akaniuliza: "Kwa ujumla, unaionaje afya yako? Nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, au mbaya sana?" Hata hakufika kwenye wastani. Nikasema nzuri sana! Nilijua majibu yatafika mezani kwako, na mimi siwezi kukuaibisha mbele ya wakubwa zako.

Lakini kuna jambo limeniingia moyoni. Mwishoni alinisomea habari za mama mmoja. Anafanya kazi zake mwenyewe bila kusaidiwa, lakini akipanda ngazi husimama katikati kupumzika, jioni miguu inamvimba, na kulala hawezi mpaka aegemee mito mitatu. Akaniuliza, "Afya ya mama huyu unaionaje?" Nikasema, "Mbaya sana! Ana watoto huyo? Wako wapi? Mbona hawampeleki hospitali?" Binti akasema kwenye tableti hakuna mahali pa kuandika hayo.

Basi nakuandikia wewe. Huyo mama ni nani, na ameshaonwa na daktari?

Simu yangu usihangaike nayo, spika imeharibika. Na barua ni bora, naisoma kwa sauti hapa dukani, wateja wanasikia mwanangu anavyoandika.

Mimi mamako mzazi.


2 Machi

Mama, shikamoo,

Huku hatujambo. Jino limeota, limekaa upande kidogo, na mwenyewe anadai limekaa hivyo kwa kupenda kwake. Baba yake anakusalimu sana. Mpe pole mjomba, na umpunguzie maneno.

Nimecheka sana na barua yako, lakini kuna mambo matatu naomba uyasikie, na haya usiwasomee wateja.

La kwanza, hawakuja kwako kwa sababu yangu, wala kwa sababu ya mkono wako mzuri. Nyumba huchaguliwa na kompyuta kwa bahati tu, kama kura. Najua hutapenda kusikia hivyo.

La pili, majibu hayafiki kwangu na majina. Yanafika namba tupu, maelfu ya watu. Ukisema nzuri sana, mimi sipati maksi. Ukisema mbaya, sifukuzwi kazi. Jibu unavyojisikia siku hiyo, mama. Usijibu kwa ajili yangu.

La tatu, huyo mama hayupo. Ni hadithi. Niliiandika mimi mwenyewe, na kila anayeulizwa husomewa hiyohiyo. Unaukumbuka ule utepe wako wa kupimia wa kijani, uliovutika kwa kutumika mpaka ukawa unampa kila mteja kiuno chembamba? Walifurahi siku ya kupimwa, wakakasirika siku ya kuvaa. Ukaupima juu ya rula ya chuma ndipo ukajua una kasoro. Kila mtu ana utepe wake wa kupimia afya, na unavutika miaka inavyokwenda. Mtu akizoea kuumwa, naye huanza kuuita ule uchovu uzima. Hadithi ya yule mama ndiyo rula yetu ya chuma. Tukiona unavyompima yeye, tunajua utepe wako ukoje.

Sasa na mimi nina maswali. Tangu lini cherehani ya mkono ikawa na mshono mzuri? Ulikuwa ukisema ni ya kushonea nguo za mwanasesere. Na mjomba anasema simu yako inaita vizuri tu.

Mwanao.


30 Machi

Kwako Bosi,

Barua imefika, na wateja wameisikia, ila yale mambo matatu niliyaruka. Nilifika hapo nikakohoa nikaenda kwenye salamu za mwisho. Walipiga makofi. Mke wa muuza mkaa ameniomba nimkopeshe barua akamsomee binti yake aliyeacha shule, apate uchungu.

Mjomba wako hajambo. Pikipiki siku hizi anaisukuma zaidi ya anavyoipanda. Shangazi yako alikuja kunitembelea, nikampa vile viatu vyeusi nilivyovaa kwenye harusi yako. Vimemkaa vizuri. Mimi nimeona ndala zinatosha, mtu unakaa dukani kutwa, viatu vya kumtishia nani?

Kuhusu kompyuta, nimekusikia. Lakini kompyuta nayo ina macho yake. Kama ni bahati tu, mbona haikuangukia kwa jirani?

Kuhusu mama wa mito mitatu, mwanangu, usinifiche. Najua kazini kwenu kuna siri za watu. Mimi nimekaa na watu maisha yangu yote, nikiwapima viuno na kuwasikiliza. Mtu hatungi mito mitatu. Angekuwa wa kutungwa angekuwa na mito miwili, au ungesema mito mingi. Mitatu ni ya mtu aliyeonwa.

Kwa hiyo mfikishie ujumbe. Nimemuulizia kwa muuza dawa hapa barabarani. Nikamwambia ni mama mmoja wa mbali, mwanangu anamfahamu. Akasema apunguze chumvi. Mwambie apunguze. Mimi mwenyewe nimeanza kupunguza ili nimpe moyo. Mito asiipange kitandani, aiegemeze ukutani upande wa dirisha, hewa inaingia vizuri zaidi. Akilala chali kabisa atajiona kama anazama, asijaribu. Na pale kwenye ngazi asione aibu. Akisimama, atoe simu, ajifanye anasoma ujumbe. Watu watapita wakidhani ana shughuli zake.

Mwambie yuko mwenzake huku anamuwaza.

Simu ilitengenezwa ikaharibika tena.

Mamako.


12 Aprili

Mama, shikamoo,

Hii ni fupi, nimeitia kwenye bahasha kabla sijamaliza hata chai yangu.

Nani alikufundisha kujifanya unasoma ujumbe kwenye ngazi?

Umetoa viatu kwa sababu vimekubana. Umefunika cherehani ya miguu kwa sababu miguu haiwezi. Unalala dukani kwa sababu ngazi za kwenda ghorofa ya tatu huziwezi. Na simu hupokei ili nisikusikie unavyopumua. Niambie nimekosea, mama. Nitafurahi sana kukosea.

Ulisema kweli, mtu hatungi mito mitatu. Yule mama sikumtunga mzima. Ni bibi. Ni mamako. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpangia, mmoja mgumu chini, miwili laini juu. Nilipoambiwa ofisini niandike habari ya mtu mgonjwa asiyejiita mgonjwa, sikufikiri mara mbili.

Majibu yako ya Februari yamo humu, kwenye mashine za ofisi. Ningetaka, ningeyatafuta kwa mtaa na umri, hata bila jina. Sitafanya hivyo. Tuliahidi watu, na wewe ni mmoja wao. Na hata nikiyapata yatasema nzuri sana.

Nenda hospitali. Nakuomba. Nenda wiki hii.

Mwanao.


20 Mei

Mama, shikamoo,

Mwezi umepita na zaidi, sijapata hata mstari. Kila nikitoka kazini namuuliza mlinzi kama kuna bahasha, sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabisa.

Mjukuu wako amechora picha yenu, wewe na cherehani. Cherehani ni kubwa kuliko wewe. Nimeiweka humu ndani.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Mkuu wangu amesema mpaka raundi ya Juni imalizike, maana mimi ndiye niliyekabidhiwa maswali. Mwezi wa nane nakuja, wapende wasipende.

Mjomba anasema u mzima, unacheka, unamtania. Nikamuuliza, "Ulimwona lini ghorofani kwake?" Akaanza kunieleza habari za pikipiki.

Kama nimekukosea kuhusu bibi, nitukane. Lakini niandikie.

Mwanao.


3 Juni

Mwanangu,

Nimepata barua zako zote mbili na mchoro. Mjukuu amechora vizuri. Hajambo?

Sikupenda ulivyomtia mamangu kwenye tableti. Mtu aliyekubeba mgongoni sasa anasomwa kila mlango, watu wasiomjua wanasema mbaya, mbaya sana, kama wanaopanga bei ya vitunguu. Na mimi mwenyewe nilisema hivyohivyo! Nilimtolea mamangu hukumu bila kujua kama ni yeye.

Wewe ulikuwa mdogo, kuna usichokikumbuka. Mamangu alipanda gari kwenda hospitali ameketi, amejifunga kitambaa chake kizuri, akanielekeza jinsi ya kuzima jiko. Alirudi amelala. Alikuwa akitembea mpaka siku alipoambiwa ni mgonjwa. Kwa hiyo usiniambie habari za kwenda. Waliokwenda nawajua.

Mimi ni mzima. Nimemaliza sare za shule nzima. Mgonjwa gani anashona sare za shule nzima?

Salamu kwa mkwe.

Mamako.


11 Juni

Mama, shikamoo,

Nisamehe. Nilipaswa kukuomba kwanza, ni mamako kabla hajawa bibi yangu.

Nitakwambia kwa nini nilimwandika, halafu sitarudia tena. Nyumbani kwetu kila mtu alimwona akisimama kwenye ngazi. Jirani alimwona. Mjomba alimwona. Mimi nilimpangia mito. Wote tulimuuliza, "Hujambo?" naye akatujibu, "Sijambo," tukaridhika. Alipokwenda hospitali alikuwa amechelewa, mama. Hospitali haikumlaza. Alilazwa na ule muda wote wa sijambo.

Nilitaka asikike kwa watu wengi, ili watu wengi waseme mbaya sana, aende. Ndilo jibu alilolikosa. Na wewe umelisema bila kufikiri, tena kwa sauti. Sidhani kama ni hukumu.

Mjukuu wako anauliza kama umebandika mchoro ukutani.

Mwanao.


Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani,
8 Julai

Kwako Bosi wangu,

Usiruke juu. Soma mpaka mwisho kwanza. Mchoro wa mjukuu upo, nimeubandika hapa juu ya kitanda, na manesi wote wameshaambiwa ni wa nani.

Binti wa maswali alirudi wiki iliyopita. Nilikuwa nimejiandaa. Nimevaa gauni la kola, nimepaka mafuta, nimeficha mito nyuma ya marobota ya vitambaa. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, andika nzuri sana, tunywe chai."

Akacheka, akasema, "Mama, siruhusiwi kuandika kabla ya kuuliza." Akafungua tableti yake. Safari hii hakuanza na mimi. Alianza na yeye, mamangu.

Nilimsikiliza kwa mara ya kwanza nikijua ni nani. Anafanya kazi zake mwenyewe. Husimama katikati ya ngazi. Jioni miguu inamvimba. Mito mitatu. Mwanangu, niliuona mpaka ule mgumu wa chini, una ua limedariziwa pembeni. Binti akauliza, "Afya ya mama huyu unaionaje?"

Nikasema, "Mbaya sana. Aende leo."

Na hata sijafuta macho, akasoma swali linalofuata: "Na wewe mwenyewe, kwa ujumla, unaionaje afya yako?"

Nikafungua mdomo. Nzuri sana ikagoma kutoka. Nilikuwa nimeishika mwaka mzima, wateja wanaijua, mjomba wako anaijua, lakini pale ilikataa. Binti ameketi, kidole kiko juu ya kioo. Nikamwona anaitazama miguu yangu kwenye ndala, kisha akainua macho haraka. Amefundishwa asiseme kitu.

Nikamwambia, "Rudia swali."

Akarudia vilevile, neno kwa neno, sauti ileile.

"Ongeza basi kidogo. Sema, mama, usiogope."

"Mama, siruhusiwi kuongeza," akasema, na yeye machozi yanamlengalenga.

Nikasema, "Haya. Andika mbaya." Akaandika. Nikamwambia, "Umeshaandika? Haifutiki?" Akasema haifutiki. Nikasema, "Basi toka hapo nje, yule mwanaume unayemwona anapigana na pikipiki ni kaka yangu. Mwite."

Mjomba wako alipoambiwa hospitali, aliangusha funguo mara mbili. Nikapanda nyuma, nikamshika shati, nikamwambia, "Ukinitia mtaroni leo nitapona nikuue." Tulikwenda mwendo wa konokono, watoto wanatupita wakikimbia. Mtaa mzima ulitoka kututazama. Niliwapungia mkono, unanijua.

Daktari ni kijana mdogo, umri wa kukuita dada. Alinipima hapa na pale, akaniuliza nimekuwa hivi tangu lini. Nikaanza kusema juzijuzi, nikamkumbuka mamangu, nikasema tangu mwaka jana. Akasema moyo umechoka kusukuma, umepanuka, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Nikamwambia kuwa nina moyo mkubwa wateja wangu wote wanajua. Hakucheka. Lakini nesi alicheka, nikapona kidogo hapohapo.

Wamenipa dawa ya kutoa maji. Sikwambii safari za chooni. Jana niliuona mfupa wa kifundo changu cha mguu, tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Kuna dawa nyingine ya moyo nitakayomeza kila siku. Daktari anasema haitaufanya upya, ila utakwenda. Nikamwambia cherehani zangu zote ziko hivyo.

Sasa nijibu jambo moja, usinidanganye. Mara ya kwanza waliniuliza mimi kwanza, mamangu mwisho. Safari hii wamepindua. Ni wewe uliyepindua ili uninase?

Mamako.


19 Julai

Mama, shikamoo,

Barua yako niliisomea chooni kazini, mlango nimeufunga. Mwenzangu akagonga, "Kuna usalama humo?" Nikamwambia, "Mama amekwenda hospitali." Akaanza kunipa pole. Nikamwambia, "Hapana, nipongeze." Mpaka leo ananitazama kwa wasiwasi.

Sijakudanganya tangu nianze kukuandikia, sitaanza leo. Kupindua ni wazo langu, hilo nakiri. Tulitaka kuona kama watu wakimsikia mtu mwingine kwanza, wanajipima tofauti. Lakini nusu ya watu ndio waliopinduliwa maswali, nusu wamebaki kama zamani, na nani apate lipi ni kompyuta iliyopiga kura. Sikugusa. Ingeweza kabisa kukuangukia ile ya zamani, na wewe ungesema nzuri sana, mkanywa chai.

Nikiliwaza hilo naisoma barua yako tena.

Meza dawa hata siku ukijisikia vizuri. Hasa siku ukijisikia vizuri. Mwezi wa nane tunakuja wote watatu. Mjukuu wako anasema atakushika mkono kwenye ngazi, na akichoka yeye mtasimama wote.

Mwanao.


Ghorofa ya tatu, nyumbani,
27 Oktoba

Kwako Bosi wangu,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na mume wangu mdogo anaendeleaje tangu mlipoondoka? Mwambie ile alama aliyoichora kwa chaki pale tunapopumzikia kwenye ngazi bado ipo, na nimemkataza mfagiaji asiiguse. Nikifika hapo napumzika wazi, mikono kiunoni, simu iko mfukoni. Watu wakiniuliza nawaambia hiki ni kituo cha mjukuu wangu, na wengine wameanza kupumzika hapohapo. Juzi nilimkuta mke wa muuza mkaa amesimama kituoni akihema. Nikamwuliza, "Unalalia mito mingapi?" Alikuwa anataka kucheka, akaacha. Mjomba wako amempeleka kwenye kliniki. Pikipiki ile sasa inaitwa ambulensi, na yeye ameanza kuvimba kichwa.

Nimesoma ulivyoandika kwamba wakubwa zako wana mashaka na mtaa wetu. Kwamba mwanzo wa mwaka tulikuwa wazima wote, sasa namba zimeshuka, na wanauliza kuna ugonjwa gani umeingia. Mwanangu, siwezi kuwasemea wengine. Lakini mmoja wao ni mimi, na ruhusa ya kunitaja nakupa mwenyewe, kwa barua hii.

Binti wa maswali alikuja juzi. Alipanda mpaka huku juu. Aliponiuliza afya yangu nikafikiri sana, mpaka akaniuliza kama nimelisikia swali. Nikasema, "Ya wastani." Basi kwenye mashine yenu itaonekana mama huyu alikuwa na nzuri sana Februari, sasa ana ya wastani, maskini, anaporomoka. Waambie hiyo Februari nilikuwa silali kitandani kwangu. Nilikuwa nashonea cherehani ya mwanasesere na kuwagawia watu viatu. Ya wastani hii imepanda ngazi zote, inalalia mto mmoja, na leo asubuhi imefunua cherehani ya miguu ikashona pindo la pazia zima. Sijui mtaandika nini kwenye ripoti. Wewe ndiye uliyesoma.

Shangazi yako nimemwomba viatu vyangu. Amekataa. Anasema nilimpa kwa moyo mmoja. Tunaendelea na kesi.

Kuhusu mamangu. Binti aliponisomea, nilisema mbaya. Sikusema mbaya sana kama zamani. Akaniuliza nina uhakika. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu safari hii nimemwona akiwa bado anafanya kazi zake mwenyewe, na mlangoni kuna mtu wa kumpeleka. Nilikuwa nataka nikuombe umtoe humo. Nimebadili mawazo. Mwache. Apite kila mlango. Ila ukiweza, ongeza kwamba mto mmoja ulikuwa na ua pembeni. Najua hutaweza, hamruhusiwi kuongeza.

Jumapili jioni nipigie simu. Spika imepona, na hata haikuwahi kuumwa, nawe unajua. Iache iite mpaka nipokee, usikate haraka, huenda ikanikuta kwenye ngazi. Nitapokea hukohuko. Utanisikia nahema kidogo, ndivyo ninavyohema siku hizi, sikiliza tu.

Mimi mamako mzazi, Mama Bosi, afya ya wastani.